Godoro la memori fomu: kwa nini siwatumii kutoka Ujerumani

Wakubwa wote shikamooni, wenzangu habari za siku nyingi. Leo sipo Leipzig, niko Dodoma, Nkuhungu, nyumbani kwa mama. Nina likizo ya wiki 3. Huo mvumo mnaousikia ni upepo wa Julai, wa hapa mnaujua, na ndiyo maana nimevaa sweta ndani ya nyumba.

Nimekaa kurekodi kwa sababu ya swali moja. Tangu ile video ya chumba changu, ambayo mimi nilidhani nawaonyesha jinsi ya kupanga vitu kwenye chumba kidogo, watu wameacha kabati, wameacha jiko, wameona godoro. "Dada hilo godoro ni la aina gani?" "Bei gani?" "Nitumie moja nitakurudishia hela." Nisipojibu naambiwa nina roho mbaya. Nilipojibu watu wawili watatu, mwingine akaandika kwamba najionyesha, nimesahau nilikotoka. Sasa naongea mara moja kwa wote, na naomba mnisikilize mpaka mwisho kabla hamjaandika.

Sijisifu. Hilo godoro nililinunua mwaka wa pili tangu nifike. Kabla ya hapo nililala miezi 5 sakafuni kwenye godoro la kujaza upepo, lile ambalo saa tisa usiku linakuwa limeshasinyaa uko juu ya vigae. Wala silalamiki, kila aliyeondoka nyumbani ana hadithi yake. Nawaambia tu ili mjue lilianzia wapi. Ninafanya kazi ya kuhudumia wazee, zamu nyingi za usiku. Unamgeuza mtu wa kilo 90, unamketisha, unamrudisha. Mgongo wangu ulianza kuuma nikiwa na miaka 29.

Kulipata lenyewe ilikuwa shughuli. Duka la kwanza nilitaka kulipa kidogo kidogo kwa miezi 10, wakanikatalia, kwa sababu kule kuna kumbukumbu za kila mtu za madeni na malipo, na mimi mgeni sikuwa na kumbukumbu yoyote. Sikuwa na deni hata la euro moja, na kutokuwa na deni ndiko kulikonifanya nisiaminike. Nikajibana, nikalipa euro 389 kwa mkupuo, nikaagiza mtandaoni. Mzigo ukaja, ukarudi. Kwa nini? Kule wanaleta mzigo kwa jina lililo kwenye kengele ya mlango, si kwa namba ya chumba. Nilikuwa nimepanga chumba kwa mtu, jina kwenye kengele lilikuwa lake, na yeye hakutaka langu libandikwe hapo. Wiki 3 naandika barua pepe kuomba kitu nilichokwisha kukilipia.

Jambo moja la huko nalisifu kwa moyo wote. Ukinunua mtandaoni nchi za Umoja wa Ulaya una siku 14 za kubadili mawazo, na mwaka 2019 mahakama ya juu ya umoja huo iliamua kwamba hata godoro ambalo umeshaliondoa nailoni yake unaweza kulirudisha. Yaani unalilalia kwanza. Hapa kwetu unalipima kwa kulikalia dukani dakika moja, huku muuzaji amekusimamia.

Haya, memori fomu ni nini. Kwa kifupi ni sponji inayolainika kwa joto la mwili na kurudi taratibu ukitoka juu yake. Bonyeza kiganja, toa, alama ya mkono inabaki halafu inajaa polepole. Ikiruka hapo hapo, hiyo ni sponji ya kawaida hata kama lebo inasema vingine. Ilitengenezwa mwaka 1966 kwa kazi ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani, na mhandisi anayetajwa ni Charles Yost. Haikuwa ya kulalia mwezini kama watu wanavyosema, ilikuwa ya viti vya ndege. Kuja kuwa godoro la madukani ni miaka ya 90, kwa kampuni ya Sweden.

Neno "joto" hapo ndilo wengi mnaruka, na kwa Dodoma ndilo kubwa. Usiku wa Julai hapa unashuka mpaka nyuzi 13 au 14, na nyumba zetu hazina kipasha joto. Memori fomu kwenye baridi inakuwa ngumu, unapanda kitandani unaona kama umelalia ubao, mpaka mwili uipashe. Halafu Oktoba, Novemba, jua la nyuzi 31, inalegea, unazama, na joto lako linabaki limekuzunguka. Leipzig chumba changu kina joto moja karibu mwaka mzima, kwa hiyo godoro langu linafanya kazi moja mwaka mzima. Godoro lile lile likiletwa Nkuhungu halitakuwa lile mliloliona kwenye video.

Sasa nifike kwa mama, maana najua mtauliza, mbona mama yako ulimtumia.

Ndiyo, nilimtumia. Oktoba iliyopita. Nilikuwa nimemwona kwenye simu ya video anaamka ameshika kiuno, nikanunua godoro la euro 259, limebanwa na kuviringishwa kwenye boksi, nikalitia kwenye kontena la pamoja. Usafiri euro 95. Nikasema imeisha. Kumbe ushuru haupigwi kwenye bei ya godoro peke yake. Wanachukua bei, wanajumlisha usafiri na bima, hapo ndipo ushuru unawekwa, halafu VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya vyote pamoja na ushuru wenyewe. Kodi ni sheria, siigombi. Aliyeniumiza ni wakala wa kutoa mizigo. Alinipa hesabu moja, kisha ya pili, kisha ya tatu. Wiki ya tatu ndipo anakumbuka kuniuliza TIN, yaani namba ya mlipakodi, ya mpokeaji. Mama yangu amelima mtama na karanga maisha yake yote, TIN ya nini? Tukatumia ya mtoto wa shangazi, na siku zote hizo mzigo unahesabiwa gharama za kuhifadhiwa, ambazo nikalipa mimi. Mpaka godoro linafika Dodoma mwezi wa kwanza, gharama za njiani zilikuwa zimezidi bei yake.

Nilimpigia mama, nikamuuliza, unalionaje? Akasema, "Nalala vizuri mwanangu, Mungu akubariki." Kila wiki nauliza, kila wiki jibu ni "nalala vizuri".

Nimefika wiki iliyopita. Nikaingia chumbani kwake. Analalia lile lile la sponji la tangu niko sekondari, katikati limeingia bonde, upande wa ukutani amejazia kanga na blanketi. Godoro langu liko stoo, kwenye boksi, juu ya magunia, nailoni yake haijatobolewa. Nikamuuliza mama, mbona? Akaniambia hicho ni kitu cha wageni. Siku nitakapokuja na mwenzangu, watalalia wapi watu wa heshima? Alikuwa ananitunzia.

Nilitoka nje nikakaa kwenye msingi wa nyumba nikalia, na sioni aibu kuwaambia. Mama hakufanya kosa. Mimi ndiye niliyeuliza "unalionaje" badala ya kumwambia fungua kamera nione. Na kuna ndugu yetu mmoja alikuwa ameshatangaza kwa watu kwamba nimemtumia mama yangu jamvi la kuviringisha wakati najenga mjini. Sijajenga. Sina hata kiwanja.

Tukalifungua siku hiyo hiyo. Godoro la kubanwa linatakiwa lifunguliwe mapema, ndani ya wiki chache, kisha uliache siku 2 au 3 lijae na lile harufu la kiwandani litoke. Hili lilikuwa limebanwa miezi 9. Tumesubiri siku 4. Upande wa kichwani umefika inchi 7, wa miguuni inchi 4, na hapo limekomea. Halafu hata lingejaa, lisingekaa: la kule ni sentimita 200 kwa urefu, kitanda cha mama ni nne kwa sita, na futi 6 ni sentimita 183. Mtu anayeniambia "nitumie" apime kwanza kitanda chake.

Basi nilichofanya, na nasema nilichofanya mimi, kwa mama yangu, mwenye miaka 67, mwembamba, anayelala ubavu. Mwili wako wewe siujui.

Nilikwenda Majengo. Duka la kwanza wana magodoro mawili ya nne kwa sita, inchi 8, yote yameandikwa memori, moja bei ni karibu nusu ya lingine. Muuzaji anasema tofauti ni kitambaa tu. Nikaomba mzani. Duka la nafaka la jirani wana ule wa kupimia magunia, kijana mmoja wa kubeba mizigo akatusaidia kuyatundika. Moja kilo 9, lingine kilo 15. Piga hesabu: nne kwa sita ya inchi 8 ina ujazo wa mita za ujazo 0.45 hivi. Gawanya uzito kwa ujazo unapata densiti. La kwanza ni kilo 20 kwa mita ya ujazo, la pili 33. Hiyo 20 ni hewa, mtu mzima akililalia kila siku litaingia bonde mapema. Hizi lebo za "haidensiti", yaani densiti kubwa, zisiwatishe, mzani ndio unaosema. Na memori fomu halisi ni nzito zaidi ya hapo. Yenye maana huanzia karibu kilo 50 kwa mita ya ujazo. Ndiyo maana hata magodoro ya kule huwa na tabaka la juu tu la memori, inchi 2 au 3, chini yake ni sponji ngumu ya kawaida.

Kwa hiyo sikununua memori kabisa. Nilinunua sponji ngumu ya hapa hapa, nzito, na juu yake nikaweka tandiko la memori la sentimita 5 ambalo nilikuja nalo kwenye begi. Kilo 6, limeviringishwa, nilikuwa nimelileta kwa ajili yangu mwenyewe kulalia likizo. Nikalikata kwa kisu kirefu, nikatoa sentimita 17. Mama ana goti bovu, na nimeona kazini kwangu wazee wanavyohangaika kuinuka kwenye godoro linalozamisha. Tandiko jembamba linapokea nyonga na bega, sponji ya chini inamsukuma juu akitaka kukaa. Anayeuguza mgonjwa asiyeweza kujigeuza asidhani godoro litazuia vidonda vya kulalia. Mgonjwa anageuzwa, godoro lolote liwalo.

Chaga nazo. Kitanda cha mama ni mninga, kizuri, lakini kilikuwa na chaga 5 tu, kati ya moja na nyingine mguu unapita. Godoro lolote utakaloweka hapo litashuka kwenye nafasi hizo. Fundi seremala ameongeza chaga 6, nafasi sasa ni inchi 3. Hela ya chaga na fundi haikufika hata robo ya nilichomlipa wakala.

Na nailoni, wapendwa. Najua kwa nini tunaiacha: vumbi la Dodoma, watoto, mikojo. Lakini nailoni juu ya memori fomu inafungia jasho, asubuhi shuka imelowa na mtu anasema godoro lina joto. Toa, shonesha foronya kubwa ya pamba yenye zipu, uifue. Na mkilitoa nje kupunga hewa liwekeni kivulini, jua kali linaila sponji.

Anayeuliza langu la Leipzig ni kampuni gani, sitaji. Wewe una kilo 95 na unalala kifudifudi, ukinunua langu litakuumiza kiuno halafu utarudi hapa kunitukana. Na anayesema "basi nitumie tandiko tu", mwenzangu, begi langu lina kilo 23 na ndugu ninao.

Mama amelala usiku wa tatu leo. Jana ameniambia, bila kuulizwa, kwamba ubavu wa kushoto haumwamshi tena saa kumi. Lile la stoo amekataa katakata nisilitupe. Kesho asubuhi fundi makochi anakuja kutoka Chang'ombe kulikata upande uliojaa, tupate mito ya viti vya sebuleni. Hiyo ya wageni.