Maswali Tusiyoulizwa Tunapopimwa Moyo

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu, wengine mkitoka Bahi na Chamwino, mje kusikiliza habari za moyo. Nikiuliza hapa ugonjwa wa moyo huletwa na nini, nitatajiwa chumvi, mafuta, sigara, kisukari, unene na presha, na majibu hayo yote ni sahihi. Yapo hata hivyo mengine ambayo mgonjwa hayasemi kwa sababu hakuulizwa, na leo ningependa tukae nayo, hasa mawili yanayowagusa akina mama wa mkoa huu.

La kwanza ni ujauzito. Mwanamke ambaye presha yake ilifikia 140/90 au zaidi baada ya wiki ya 20, na mkojo wake ukakutwa na protini, huambiwa ana dalili za kifafa cha mimba. Akijifungua salama na presha ikashuka, yeye na familia yake huhesabu kwamba jambo limekwisha. Halijaisha. Miaka mingi baadaye, hatari yake ya kupata ugonjwa wa moyo au kiharusi huwa takribani mara mbili ya ile ya mwenzake ambaye mimba zake zilikwenda vizuri, kwa kuwa hali ile huumiza utando wa ndani wa mishipa ya damu, au pengine hufichua udhaifu uliokuwamo tangu mwanzo. Kisukari cha mimba nacho, hata kikiondoka baada ya kujifungua, huiongeza hatari hiyo. Nimewahudumia akina mama waliofika wakihema, miguu imevimba, na ni katika mazungumzo tu ndipo ikajulikana kwamba walipandwa na presha walipokuwa wajawazito. Kadi ya kliniki ilikwisha kutupwa zamani. Kadi hiyo, nawasihi, itunzwe pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

La pili ni moshi. Wazee wetu walijenga tembe kwa busara, ukuta mnene, paa la udongo na madirisha machache, ili joto la mchana na baridi ya usiku vibaki nje. Lakini mafiga yakiwekwa humo, moshi wa kuni hukosa pa kutokea. Wengi hudhani unadhuru macho na mapafu peke yake, kumbe chembe zake zilizo ndogo kabisa hupenya mapafu hadi kwenye damu, zikafanya mishipa kuwa migumu na damu kuwa rahisi kuganda. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na karibu theluthi moja vilitokana na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Serikali yetu ilizindua mwaka 2024 mkakati wa kuifikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Gesi ikiwa bado haijafika kijijini, kupikia nje kwenye kibanda kilicho wazi, kwa kuni zilizokauka vizuri, hupunguza moshi anaovuta mama na mtoto aliye mgongoni.

Kwa watoto, maambukizi ya koo yasiyotibiwa huweza kuzaa homa ya baridi yabisi, nayo ikaharibu valvu za moyo. Penisilini iliyotolewa mapema huzuia hayo. Kuishi na VVU huongeza hatari hata kwa anayetumia dawa vizuri, vivyo hivyo ugonjwa wa figo na hedhi kukoma kabla ya miaka 40. Kuhusu fizi zinazotoka damu nitasema kidogo, kwa kuwa uhusiano umeonekana lakini haijathibitika kwamba fizi ndizo chanzo.

Limebaki suala la kukoroma. Anayekoroma kwa nguvu, pumzi ikakatika kisha akashtuka akihema, mara nyingi hajui. Ajuaye ni anayelala naye chumba kimoja. Kwa hiyo wauguzi waliokaa pale mlangoni, wakishampima mume presha, watamgeukia mkewe wamuulize analalaje.