Euro ngapi zinawatosha mke na mume Ujerumani? Jibu langu kwa wanaoniuliza

Habari zenu, ndugu watazamaji. Swali ni lile lile, na kwa kuwa nimelijibu vipande vipande hadi nimechoka, leo nalijibu lote: mke na mume wakihamia Ujerumani, euro ngapi zinawatosha kwa mwezi? Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya ajira na uhamiaji mjini Berlin mnamo Septemba 2024, wanaouliza wameongezeka, na baadhi yao wana barua ya kazi mkononi tayari. Najua nikitaja ninacholipwa nitaambiwa najigamba, na nikitaja ninachokatwa nitaambiwa nalalamika ilhali sitaki kurudi Mombasa. Nimeyazoea yote mawili. Mimi ni muuguzi, tunaishi Leipzig, hatuna watoto, na hesabu nitakayoitoa ni ya nyumba yetu peke yake.

Wengi wenu mnachukua gharama ya mtu mmoja na kuizidisha kwa mbili. Kipimo mnachokitumia ni zile euro 11,904 kwa mwaka, yaani 992 kwa mwezi, ambazo mwanafunzi wa kigeni hutakiwa kuziweka katika akaunti ya zuio, inayomruhusu kutoa kiasi fulani tu kila mwezi, kabla ya kupewa viza, na mkizidisha mnapata karibu 2,000 kwa mwezi, mnashtuka. Maisha ya wawili hayahesabiwi hivyo. Nyumba ya vyumba viwili haipandi bei maradufu kwa sababu mmeingia wawili, intaneti ni ile ile, na mchango wa redio na televisheni za umma, ambao utaulipa hata kama humiliki televisheni wala huelewi neno moja la taarifa ya habari, ni euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, awe anaishi mmoja au watano. Hata bima ya afya ya umma, ambayo hukatwa kwenye mshahara kabla hujauona, humwingiza mwenza asiye na kipato bila nyongeza yoyote. Hilo ndilo lililotuokoa mwaka wa kwanza, mume wangu alipokuwa bado anasoma lugha.

Vinavyoongezeka ni vile ambavyo kila mtu huvitumia kwa mwili wake. Tiketi ya usafiri wa nchi nzima, ile ya mwezi, ilianza Mei 2023 kwa euro 49, ikapanda hadi 58 mwanzoni mwa 2025 na sasa ni 63. Hiyo kila mmoja ana yake, kwa hiyo ni 126. Koti la baridi na viatu vyake haviazimwi. Chakula kinaongezeka, lakini kwa kiasi, kwa sababu anayepika sufuria moja ya maharage haongezi moto mtu wa pili akija. Sisi hununua mchele, dengu na maharage katika maduka ya Waturuki na Waarabu, ambako magunia ni makubwa na bei ni nafuu, na unga wa ugali tunaufanya kitu cha mwisho wa juma, maana katika duka la Kiafrika bei yake inauma.

Basi tarakimu zenyewe. Kodi ya nyumba yetu bila huduma ni euro 540, na pamoja na maji, takataka na kupasha nyumba joto inafika 740. Ukisoma tangazo la nyumba, hakikisha unajua ni ipi kati ya hizo mbili iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Umeme, ambao mpangaji hujiandikishia mwenyewe, 60. Intaneti 35. Ule mchango wa redio. Chakula na sabuni 420, usafiri 126, simu zetu mbili 25, bima ndogo ya kulipia vya watu ukiviharibu 8. Jumla ni karibu euro 1,430, kabla ya nguo na kabla ya fedha za kutuma nyumbani. Msizigeuze kuwa shilingi, tafadhali. Anayezigeuza hunitumia ujumbe wa kuniuliza kwa nini nisijenge ghorofa Mtwapa.

Joto la nyumba linahitaji neno zaidi, kwa sababu kile mnacholipa kila mwezi ni makadirio. Mwenye nyumba ana muda wa miezi 12 baada ya mwaka wa hesabu kufungwa kuwaletea bili halisi, na mkiwa mmeishi kama mko Likoni mwezi wa Machi, bili hiyo itawajia wakati mmeshausahau msimu wenyewe wa baridi. Anayetaka bajeti ya kweli aweke kitu pembeni kwa ajili ya siku hiyo.

Hata hivyo, anayekuja na mwenza hakwami kwa sababu ya 1,430. Anakwama kwa fedha za kufungulia maisha, na kwa karatasi. Mwenye nyumba anaruhusiwa kudai dhamana ya hadi kodi tatu zisizo na huduma, na kwetu hiyo ni 1,620. Wengi huzilipa zote kwa mara moja kwa sababu hawajaambiwa kwamba sheria inampa mpangaji haki ya kuzilipa kwa awamu tatu za kila mwezi, ya kwanza ikiwa mwanzo wa upangaji. Kisha unafungua mlango unakuta hakuna jiko. Sisemi jiko bovu. Nasema kuta nne na bomba, na nyaya zinaning'inia darini mahali pa taa. Nyumba nyingi hupangishwa hivyo, na makabati, jiko na sinki unajinunulia au unanunua vya aliyehama.

Kuhusu karatasi, niruhusuni niseme lililoniuma. Ukihamia unatakiwa kujiandikisha ofisi ya wakazi ndani ya wiki mbili, na huwezi bila fomu iliyotiwa saini na mwenye nyumba. Aliyenipangisha chumba cha kwanza alipokea kodi yangu kwa furaha, lakini fomu hiyo akawa anaahidi kesho. Bila usajili, nambari ya ushuru haikutoka. Bila nambari, mwajiri akanikata kwa daraja la sita la ushuru, ambalo ndilo lenye makato ya juu kabisa, na mshahara niliokuwa nimeupangia kila senti ukafika umenyofolewa. Fedha hizo zilirudi baadaye nilipowasilisha marejesho ya ushuru, lakini mwenye duka hakusubiri marejesho yangu. Mume wangu alipofika, tuliomba daraja la tatu kwangu na la tano kwake, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na kipato, na mshahara wa mkononi ukaongezeka. Kwa hilo cheti cha ndoa kilipaswa kutafsiriwa na mkalimani aliyeapishwa, kwa gharama yetu. Na siku ya kujiandikisha karani atawauliza dini. Mkijibu Katoliki au Kiprotestanti, mtakatwa ushuru wa kanisa, ambao hapa Leipzig ni asilimia 9 ya ushuru wa mapato. Simzuii mtu kumtolea Mungu, ila ajue kwamba jibu lake lina bei.

Halafu kuna mstari ambao hamuuandiki kamwe: nyumbani. Mkija wawili, mmekuja na koo mbili, na vikundi vya WhatsApp vya matanga, harusi na karo vya pande zote mbili. Huo nao ni mstari unaojizidisha kwa mbili, na sina haya kusema kwamba ndio uliotugombanisha zaidi ya kodi ya nyumba. Shangazi zangu wakinitazama hapa watanisamehe. Sasa tunatenga kiasi kimoja kwa mwezi, tunakigawa sawa kwake na kwangu, na kikiisha kimeisha hadi mshahara ujao. Wenzetu wengine hawawezi kufanya hivyo, na siwalaumu. Kila mtu anaijua familia yake.

Anayekwenda München abadilishe mstari wa kodi ya nyumba kwanza kabla ya kugusa mwingine wowote, kwa sababu huko pango ni ghali kupita Leipzig kwa mbali. Na kwa kaka aliyeuliza kama euro 2,000 za akiba zinamtosha yeye na mkewe wakifika pamoja: kwa nyumba kama yetu, awamu ya kwanza ya dhamana ni 540, kodi ya mwezi wa kwanza 740, zinabaki 720 za kununulia jiko, kitanda na chakula, na mshahara wa kwanza haulipwi mpaka mwezi uishe, tena pengine ukiwa umekatwa kwa daraja la sita. Uamuzi ni wenu wawili. Mimi kwa fedha hizo ningetangulia peke yangu, nipate nyumba ninayoweza kujiandikishia na mshahara uliokaa sawa, ndipo nimkatie mwenzangu tiketi.