Ribiti Moja, Mikono Minne: Wanawake katika Viwanda vya Ndege vya Marekani, 1942–1945

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika.

Hiki nilichoshika ni ribiti ya alumini. Walioketi nyuma hawaioni vizuri, basi niieleze: ni kijiti chenye unene wa milimita 3.2, upande mmoja kina kichwa cha mviringo kama uyoga, upande wa pili ni butu. Ndege moja ya kivita aina ya B-24 Liberator ilishikiliwa na ribiti zaidi ya 300,000 za ukubwa mbalimbali. Kiwanda cha Willow Run, Michigan, kilitoa ndege 8,685 za aina hiyo, nyingine zikisafirishwa vipande vipande zikaunganishwe kwingine. Mwaka 1944, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kasi yake ilifika takriban ndege moja kila saa. Karibu theluthi ya waliozijenga walikuwa wanawake.

Nataka tuitazame ribiti moja inavyofungwa, kwa sababu hoja yangu ya leo imo humo. Kazi hii iliitwa nyepesi, ya kike, inayofanana na kushona. Jina hilo halikutokana na kazi yenyewe. Lilitokana na daftari la mishahara.

Mabati mawili yanabanwa kwenye fremu, yanatobolewa kwa keekee tundu la milimita 3.3 hivi, kisha yanatenganishwa na kingo za tundu zinakwanguliwa. Hatua hii ndiyo inayorukwa na mwenye haraka, na ndiyo inayoleta balaa: chembe ya bati ikibaki katikati, mabati hayakutani sawasawa. Yanabanwa upya, ribiti inaingizwa. Mkia wake sharti utokeze mara moja na nusu ya unene wake, yaani milimita 4.8 kwa hii yangu.

Hapo wanaingia watu wawili. Mmoja ana bastola ya upepo, nyundo ndogo inayoendeshwa na hewa ya kompresa, na anagonga kichwa cha ribiti. Mwenzake yuko upande wa pili wa bati, mara nyingi amejikunja ndani ya bawa, ameegemeza kipande cha chuma kizito chenye uso laini kwenye mkia. Bastola inapogonga, mkia unakosa pa kwenda, unafutuka na kuwa kitufe chenye upana wa milimita 4.8 na kimo cha milimita 1.6. Sekunde chache tu, imekwisha.

Wawili hawa hawaonani. Kwa kelele ile hawasikiani pia. Basi wanazungumza kwa kugonga: kwa kawaida pigo moja la mshika chuma maana yake "bado, ongeza"; mawili, "iko sawa"; matatu, "imeharibika, itolewe". Mwenye kuwahi kuona wanawake wawili wakitwanga katika kinu kimoja anaelewa mara moja. Mchi na mchi haigongani, kwani kila mmoja anausikiliza mkono wa mwenzake. Mshika bastola akianza kabla chuma hakijaegemezwa, bati linabonyea. Mshika chuma akikiondoa mapema, ni hivyo hivyo.

Sasa makosa. Bastola ikiinama kidogo tu, ukingo wake unachora alama kama mwezi mwandamo kwenye bati, na hapo ndipo ufa unapoanzia. Mkia mrefu mno unajikunja ubavuni. Mfupi mno unatoa kitufe chembamba kisichoshika. Mabati yasipobanwa, ribiti inavimba katikati yake na kuyaachanisha. Ukigonga pole pole kwa muda mrefu, alumini inakakamaa kwa kupigwa, kitufe kinapasuka. Ribiti mbovu inatolewa kwa kutoboa kichwa katikati, kukibandua, kisha kuusukuma mwili nje huku bati likiegemezwa. Keekee ikipita pembeni, tundu limepanuka, na sharti itafutwe ribiti nene zaidi. Kuirekebisha moja kunachukua muda mrefu kuliko kufunga kadhaa.

Tena zilikuwepo ribiti zinazotunzwa kwenye barafu. Hizi ni za aloi ngumu, yaani mchanganyiko wa metali: zinapashwa moto hadi karibu nyuzi 500 za Selsiasi, zinazamishwa kwenye maji baridi, na kwa muda mfupi zinakuwa laini. Zikiachwa nje zinakakamaa zenyewe. Baridi kali inachelewesha hilo. Aina mojawapo, ikishatolewa kwenye jokofu, ina dakika kama 20 tu za kufungwa. Mfanyakazi alichukua kiasi alichoweza kumaliza, akiitazama saa. Hiyo ndiyo kazi "nyepesi".

Wengi walifundishwa kwa wiki chache, na hilo likatumika kama ushahidi kwamba hapakuwa na ujuzi. Sababu hasa ni kwamba kazi ya fundi mmoja ilikuwa imegawanywa vipande: huyu anatoboa, yule anakwangua, wale wawili wanafunga. Kujua kipande kwa wiki tatu ni jambo moja. Kukifanya sawasawa mara elfu kwa zamu, mkono ukiwa umeinuliwa juu, ni jambo lingine.

Mwili ulilipa. Bastola ilitoa kelele inayozidi desibeli 100, na kinga ya masikio ilikuwa adimu. Mtetemo uliua mishipa midogo ya vidole, vikawa vyeupe na ganzi penye baridi. Dkt. Alice Hamilton, daktari Mmarekani wa magonjwa yatokanayo na kazi, alikuwa ameueleza ugonjwa huo mwaka 1918, baada ya kuwachunguza wachonga mawe wa Indiana waliotumia nyundo za upepo. Kwa hiyo ulikuwa unajulikana kabla hata msichana mmoja hajapewa bastola Willow Run, na hili linanikera kila ninapolisoma.

Kuhusu malipo, Novemba 1942 Bodi ya Kazi ya Vita, chombo cha serikali ya Marekani, ilitoa Amri ya Jumla namba 16, iliyoruhusu waajiri kumlipa mwanamke sawa na mwanamume kwa kazi yenye ubora na wingi uleule. Ona neno: iliruhusu. Tena mwajiri akibadilisha jina la kazi, akaliongezea "nyepesi", ulinganisho unakufa. Bastola ileile, tundu lilelile, safu nyingine ya mshahara.

Kwa akina mama waliokuwa kazini, vituo vya kulea watoto vilivyolipiwa na serikali vilikuwepo, vingi vikifunguliwa mwaka 1943 na kuendelea, na sehemu kubwa ilifungwa mwanzoni mwa 1946.

Willow Run ilitoa B-24 yake ya mwisho Juni 1945. Katika viwanda vingi orodha za ukongwe kazini, yaani za nani alianza kazi kabla ya nani, zilitenganishwa kwa jinsia, ya wanaume na ya wanawake. Baada ya vita, ajira zilipofunguliwa tena, msimamizi aliita majina kutoka orodha ya kwanza.