Mbweha Bustanini: Mzoeshe Kwanza, Picha Baadaye

Karibuni tena ndugu watazamaji. Jua linazama, mwanga uko vizuri, na nikibahatika mgeni wangu atapita muda si mrefu. Wengi mmeuliza namfanyaje huyu mbweha mwekundu asikimbie. Haya, kaeni mtazame.

Kamera iache ndani kwanza. Chagua kiti kimoja, mahali pamoja, saa ileile kila jioni, ukae tu. Mbweha hutoka sana machweo na alfajiri, na ana njia zake haziachi. Tazameni hapa chini ya uzio: nyasi zimelala, na kwenye ubao umenasa unywele mwekundu. Huu ndio mlango wake. Usiuzibe, wala usikae mbele yake. Kaa ubavuni, aone kabisa pa kutokea. Mbweha anayeona pa kutokea hatulii kwa hofu, anatulia kwa hiari, na hiyo ndiyo tunayoitaka.

Chakula sasa. Kabla hujaweka chochote, ulizia sheria za unapoishi, maana ziko sehemu ambazo kulisha wanyamapori ni marufuku. Bakuli la maji peke yake linamleta. Kama unaruhusiwa kuweka chakula, kiwe kidogo mno, kile cha mbwa kinafaa. Zabibu kavu, vitunguu na chokoleti usithubutu, ni sumu kwa jamii yote ya mbwa.

Na usimlishe mkononi. Akizoea mkono wako, kesho atamsogelea mtu asiyemjua, yule atadhani anashambuliwa, na mbweha ndiye atakayeuawa. Tena kichaa cha mbwa bado kipo nchi nyingi, na mbweha wengine hubeba minyoo ya tegu inayoweza kumdhuru mtu. Mimi akisimama mita sita kutoka nilipo, akajikuna, akapiga miayo, nimeridhika. Huo ni urafiki tosha.

Kamera sasa, haraka haraka. Lenzi ya milimita 70 hadi 300 inatosha. Zima flashi, zima mlio wa fokasi, zima kile kitaa cha kusaidia fokasi, washa shata ya kimya, yaani kamera ipige bila mlio. Stendi ishushe mpaka lenzi ilingane na macho yake. Ukimpiga kutoka juu anaonekana mdogo na mnyonge, na mnyama huyu hastahili hivyo.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mbweha wengi wanapotea: ni pale unaponyanyua mkono. Anatambua mwendo haraka kuliko anavyotambua umbo. Kwa hiyo kamera iwe tayari imeelekezwa, na mkono wako uwe tayari juu yake, kabla hajafika. Akikutazama, ganda. Akiinamisha kichwa kunusa, ndipo usogee. Narudia: akitazama, ganda, akinusa, sogea. Hata kidole kimoja, subiri anuse.

Kwa mwanga huu naweka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, 1/500 ya sekunde kama anatembea; akisimama nashuka hadi 1/125. Uwazi wa tundu la lenzi f/4, au mkubwa kadiri lenzi yako inavyoweza. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, 1600, 3200, hata 6400, usiogope. Chembechembe kwenye picha zinavumilika, mtikisiko hauponi. Fokasi...

Huyo. Nanong'ona sasa. Mnaona masikio pale kwenye uzio? Yanaingia kwanza.

Aa, fokasi imeng'ang'ania jani la mbele. Mnaona picha inavyovuta na kuachia? Mbweha ametiwa ukungu, jani ndilo safi. Nataka kuhamia fokasi ya mkono, lakini ananitazama. Nimeganda. Bado ananitazama... bado... Haya, ameinamisha kichwa. Nageuza pete ya lenzi kwa kidole kimoja, taratibu, mpaka jicho lililo karibu nami liwe kali. Mboni yake imesimama wima, mnaiona? Hapo. Napiga tatu, nne, naacha. Usimiminie picha mfululizo siku za mwanzo.

Tazameni anachofanya: hali chakula. Anachimba kwa miguu ya mbele, anaweka kipande, anafukia udongo kwa pua. Ni akiba yake. Lakini ukiona jike amejaza chakula mdomoni na anaondoka nacho bila kula, huenda ana watoto shimoni. Usimfuate kamwe, hata picha iwe nzuri namna gani.

Ubavuni manyoya yamechakaa. Msishtuke, anapukutisha yale ya majira ya baridi. Ukiona ngozi tupu yenye ukoko, mkia umebaki kama kamba na anajikuna bila kupumzika, huo ni ukurutu unaoletwa na utitiri. Piga simu kwa waokoaji wa wanyamapori. Usimwekee dawa kwenye chakula, huwezi kujua nani mwingine atakula.

Ameondoka. Sasa naweza kusema kwa sauti. Chakula kilichobaki ondoa, bakuli osha, mikono osha kwa sabuni.

Kwa usiku wa manane, tumia kamera ya kutegesha, ile inayojipiga yenyewe mnyama akipita, uifunge usawa wa goti ikielekea ile njia ya uzio. Ukinunua, chagua yenye taa za infraredi za nanomita 940, hazionekani kwa macho. Zile za 850 zinafika mbali zaidi, ila huonyesha wekundu hafifu ambao mbweha mwoga anaweza kuususia.

Katika picha za leo nachagua hii ya tatu: sikio moja liko kwangu, jingine limegeukia nyuma. Zile nyingine nafuta. Kama wako anakuja lakini hatulii, niandikie hapo chini anapita saa ngapi na wewe unakaa upande gani, nitakujibu.