Loki si ya kushikilia bolti

Haya, tuketi. Walionisikia zamani wanajua naanzia wapi, na wale wanaocheka kule nyuma ni haohao. Loki ya kamshafti, yaani bamba au pini ya kuiweka mahali pake ile shafti inayofungua valvu unapobadilisha mkanda wa taimingi, kazi yake ni kuonyesha mahali. Haikuumbwa kubeba nguvu. Nimelisema hili mpaka koo limekauka, na juzi tu nimeletewa bamba limepinda kama upinde, na aliyelipinda ananiuliza mimi ubora wa chuma chake!

Sitaeleza kwa nini krenki, ile shafti kuu inayosukumwa na pistoni, inazunguka mara 2 kamshafti ikizunguka mara 1. Hilo mnalijua. Wala sitaeleza pistoni inafanya nini ikikutana na valvu. Hilo mnalijua zaidi, tena wengine mmelijua kwa kulipa.

Nitawaambia yangu. Nilikuwa kijana gerejini. Injini ya kamshafti 2, kila moja ina mkato kwenye mkia wake, na bamba la milimita 5 linalala ndani ya mikato yote miwili kwa pamoja. Liliingia bila kusukumwa, likatulia. Nikajiona fundi. Kisha bolti ya puli, lile gurudumu la meno linalovutwa na mkanda, ikagoma. Ule mkono wa kushikilia puli ulikuwa upande wa pili wa gereji, hatua kumi hivi, nami nikajiambia: bamba si lipo? Nikachomeka bomba kwenye mpini wa spana, nikajitupa na uzito wangu wote. Tak! Sauti tamu kweli, kama ya bolti inayoachia. Bolti haikuachia. Nilipoangalia nyuma, ukingo wa mkato umemeguka, kipande kidogo kama ukucha wa mtoto. Kamshafti ile ilikuwa chuma cha kusubu. Hakipindi kikakuonya, kinakatika. Na mwenye gari kasimama mlangoni: “Bado kidogo, fundi?” Nikamjibu bado kidogo.

Hatua kumi. Ndizo zilizonigharimu kamshafti nzima.

Kwa hiyo puli ishikwe na mkono wake, au kama kamshafti ina sehemu ya pande 6, ishikwe hapo kwa spana. Kulegeza hivyo, kukaza hivyo. Loki inakaa pale kama shahidi tu.

Najua mnachotaka kusema. “Sisi tunapiga alama ya rangi, tunavua mkanda, tunarudisha, gari linaondoka.” Linaondoka, ndiyo. Sasa chukua puli yenye kipenyo cha sentimita 11. Milimita 1 kwenye ukingo wake ni karibu digrii 1 ya kamshafti, yaani digrii 2 za krenki. Mstari wako wa rangi una unene gani? Milimita 3, siku mkono haukutetemeka. Na kama aliyekutangulia alikosea jino moja, wewe umelipiga rangi kosa lake ukalirudisha palepale kwa uaminifu mkubwa. Puli ya meno 40, jino moja ni digrii 9 za kamshafti, digrii 18 za krenki. Gari litawaka, litakuwa zito, na wewe utabadilisha plagi.

Halafu kuna injini, kadhaa za Ford ni hivyo, ambazo puli ya krenki haina kile kipande cha chuma cha kuizuia isiteleze juu ya shafti. Inashikwa na mkazo wa bolti peke yake. Ukilegeza bolti, alama yako ya rangi haina maana yoyote. Hapo bila loki unabahatisha.

Ukishafunga, toa loki zote, zungusha krenki kwa mkono mizunguko 2 kamili, kisha rudisha loki. Ziingie zenyewe. Bamba likikataa, usimwite nyundo, anza upya. Na ukizungusha ukagonga kitu kigumu, simama hapohapo. Hiyo si “kompresheni”, hewa kubanwa; ni pistoni na valvu.

Nilitaka kuzungumzia tenshena inayokaza mkanda, na zile kamshafti zinazobadilisha zenyewe taimingi, yaani wakati wa valvu kufunguka, lakini naona saa inanitazama vibaya. Kwa ufupi: kichwa cha kamshafti hizo kiwe kimejifunga mahali pake pa kupumzikia kabla hujapima lolote. Bolti ambayo mtengenezaji kasema isirudiwe, isirudiwe. Na hesabu loki zako mezani kabla ya kugusa stata. Kama ni 3, zote 3 zionekane kwa macho.

Nani kanyoosha mkono? Biti ya drili badala ya pini ya kuloki krenki? Nilikuwa naisubiri hiyo. Tundu lile limepimiwa pini laini yenye unene wake. Biti ikiwa nyembamba, krenki inacheza ndani ya loki, na mchezo huo ni digrii, zilezile nilizowahesabia. Ikikatikia ndani, tutaonana wiki ijayo. Mwingine?