Jozi za fermioni: rejesha idadi kwanza, kisha shusha nishati

SALUM: Mfano wetu leo wa jozi za fermioni, yaani chembe kama elektroni, ni mdogo. Viwango 12 vya nishati vilivyoachana kwa 1, jozi 6, na nguvu ya mvutano G. Dada Neema, mtu aanzie wapi?

NEEMA: Aanze na jibu kamili, kaka, maana hapa linapatikana. Kila mpangilio wa jozi ni namba ya biti 12, sita zikiwa 1, yaani viwango vyenye jozi. Mipangilio yote ni 924. Tengeneza matriksi ya nishati ya 924 kwa 924; thamani yake maalumu (eigenvalue) ya chini kabisa ndiyo jibu. Kwenye ulalo wake weka mara mbili ya jumla ya nishati za viwango vyenye jozi, kisha toa 6G. Mipangilio miwili inayotofautiana kwa jozi moja tu kuhama inapata −G, kwa hiyo kila safu ina −G 36 nje ya ulalo.

SALUM: Programu ipimwe kwa nini?

NEEMA: Viwango viwili, 0 na 1, jozi moja, G = 1. Nishati ya chini iwe −1.4142. Ukiona −0.4142, umesahau −G ya ulalo.

SALUM: Tukipanda hadi viwango 40, jozi 20?

NEEMA: Mipangilio takriban bilioni 138. Vekta moja, kwa baiti 8 kila namba, inazidi terabaiti 1. Mwanafizikia Richardson alitoa suluhu kamili mwaka 1963, ila inadai G iwe ileile kwa viwango vyote. Mvutano halisi hauko hivyo, ndiyo maana watu hurudi kwenye BCS, makadirio ya Bardeen, Cooper na Schrieffer ambayo hayashikilii idadi kamili ya chembe.

SALUM: Na BCS ya 1957 inakwama wapi?

NEEMA: Pengo ni kipimo cha jinsi BCS inavyoziona jozi zikihama kati ya viwango. Mlinganyo wake ni 2/G = jumla ya 1/E kwa viwango vyote, ambapo E ni kipeo cha pili cha (umbali wa kiwango kutoka katikati ya viwango)² + pengo². Kwa viwango vyetu, pengo likiwa sifuri, jumla ni karibu 7.51, hivyo G ya mpaka ni karibu 0.266. Chini ya hapo BCS inasema jozi hazihami kabisa, wakati matriksi inaonyesha zinahama. Sababu ni kwamba BCS haiwezi kuhamisha jozi bila kuyumbisha idadi ya chembe, na G ikiwa ndogo gharama hiyo hailipi.

SALUM: Basi tuirejeshe idadi kamili ya chembe mwishoni.

NEEMA: Hapana! Pengo likishakuwa sifuri hakuna cha kurejesha. Rejesha idadi ndani ya hesabu yenyewe, ndipo utafute nishati ya chini. Hufanywa kwa kuzungusha awamu ya hali ya BCS kwa pembe kadhaa na kujumlisha, ili idadi zisizotakiwa zifutane. Pembe 7 zinatosha kabisa, πk/7, kwa sababu idadi ya jozi haiwezi kukosea zaidi ya 6 juu au chini. Usichukue 8: π/2 itaingia, na kiwango kilichojaa nusu kinafanya kigawanyo kiwe sifuri.

SALUM: Na klasta zilizofungamana za jozi (coupled cluster), mbinu nyingine ya makadirio?

NEEMA: G ikiwa ndogo ni nzuri mno. Ikikaribia mpaka, nishati inashuka chini ya ile ya kweli, na ukiendelea kuongeza G inageuka namba changamano. Kwa hiyo linganisha kila mbinu na matriksi ya 924 kwenye G ya 0.2, 0.27 na 0.5, kabla ya kugusa viwango 40.