Gramu 50 kwa Tani Moja ya Chumvi

Ndugu zangu wenye mashamba ya chumvi, leo tuuzungumzie ule unga mweupe mnaotia kwenye chumvi ili iwe na madini joto. Jina lake ni potasiamu iodeti. Hauna harufu, na kwa kiwango tunachotia haubadili ladha. Karibu asilimia 59 ya uzito wake ni iodini, ndiyo hayo madini joto, ambayo tezi ya shingoni huitumia kutengeneza homoni. Iodini ikipungua, mtu huota rovu, yaani uvimbe wa tezi hiyo. Lakini rovu angalau linaonekana. Mjamzito akiikosa sana, ubongo wa mtoto hudhurika angali tumboni, na hakuna dawa ya kuurudisha.

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku. Tukilenga miligramu 30 za iodini kwa kila kilo ya chumvi, tani nzima inataka gramu 50 hivi za iodeti. Gramu 50, na zienee tani nzima! Ukimwaga unga mkavu juu ya rundo na kugeuza kwa koleo mara mbili tatu, mfuko mmoja utazidishiwa na mwingine utatoka mtupu. Yeyusha kwanza. Lita moja ya maji inazitosha gramu 50 na nafasi inabaki. Kisha nyunyizia huku chumvi inageuzwa.

Nimeulizwa kwa nini tusitumie potasiamu iodidi, unga mwingine wenye iodini, kama Marekani wanavyofanya. Chumvi yao imesafishwa na kukaushwa vizuri. Ya kwetu pwani ina unyevu na mabaki ya magnesiamu yanayovuta maji, halafu inakaa juani. Katika hali hiyo, hewa huigeuza iodidi kuwa iodini, nayo iodini huruka. Iodeti tayari imebeba oksijeni yake, hivyo hewa haiigusi kirahisi. Mfuko ukilowa, nayo haichuruziki upesi kama iodidi.

Oksijeni hiyohiyo ndiyo inayoifanya ichochee moto. Kopo lake lisikae karibu na mkaa, salfa wala mafuta, na watoto wasilifikie.

Sasa leteni mifuko yenu. Tutachota juu, katikati na chini, tudondoshee dawa ya kupimia, ambayo ina wanga. Penye iodeti patageuka buluu au zambarau. Pakibaki peupe, rundo hilo linarudi kuchanganywa upya.